Maji Yanayopita Uani Kwangu



Asubuhi za Julai huku Umatengo zina baridi ya kuuma vidole. Siku moja ya mwezi huo nilikuwa natoka kumpelekea mgonjwa Komunyo, pembezoni mwa mji wa Mbinga, nikakuta watu wamesimama uani kwa mzee mmoja wa parokia yetu, wametulia kama walio kanisani. Katikati yao fundi bomba alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameshika nondo. Ncha moja ameisimika ardhini karibu na ukuta wa jiko, nyingine ameibana sikioni. Mtoto mmoja akakohoa. Fundi akainua mkono, akasema, "Nyamazeni kidogo, jamani." Hata waliokuwa wakimenya kahawa upande wa pili wa njia walisimamisha mashine yao.

Alisogea hatua moja, akasikiliza. Akasogea nyingine. Alipofika mlangoni mwa jiko alikaa pale muda mrefu, kisha akailaza nondo chini na kusema kwa upole, "Mzee, linavujia humu ndani. Bomba liko chini ya jiko lako."

Hakuna aliyejibu. Kwa siku nane nyumba za chini ya mteremko zilikuwa hazipati tone la maji. Miongoni mwao kuna mama mmoja mjane, na msimu wenyewe ni wa kahawa. Wewe uliyelelewa huku unajua: kahawa mbivu ikishachumwa haingoji. Inatakiwa imenywe siku ileile na kuoshwa kwa maji safi; ikilala ndani ya gunia inachacha, na ubora wake unashuka. Mama yule alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kushuka bondeni na ndoo, akipanda mlima akiwa nayo kichwani, mara tano, mara sita, ili kazi ya mwaka mzima isimharibikie mikononi.

Mzee alinigeukia. "Baba Paroko, kosa ni langu," akasema. Alinieleza kwamba miaka sita iliyopita, baada ya malipo ya kahawa, alijenga jiko lile la matofali ya kuchoma. Pale alipotaka kuchimba msingi palikuwa na kigingi cha zege, alama ya kuonyesha kwamba bomba kuu linapita. Alikichimbua. Maji yaliendelea kutoka kama kawaida, hakuna aliyemuuliza, na taratibu akasahau. Kigingi chenyewe alikiweka kando ya mlango akawa ananolea panga. Nilikitazama. Mgongo wake ulikuwa umelika ukawa na mbonyeo kama wa kinu kidogo, na herufi zilizochongwa zilibaki nusu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kile kigingi moyoni. Ni mara ngapi mtu anaweza kuishika alama ya onyo kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, na asikumbuke tena ilikuwa inamwambia nini?

Kabla ya kushuka chini zaidi, tukae kidogo na swali ambalo mzee alilitoa siku ile, kwa sababu ni swali la haki na wengi wetu tunalo. Aliuliza, "Kiwanja ni changu, nimekilipia kwa jasho. Kwa nini kipande hiki kiwe changu na tena kisiwe changu?"

Fikiria safari ya yale maji. Maji yetu mengi huku milimani ni ya mserereko: yanadakwa kwenye chanzo juu mlimani, yanaingia kwenye tenki, kisha yanashuka kwa uzito wake mwenyewe ndani ya bomba hadi kwenye vilula na majumbani, bila mashine ya kuyasukuma. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Bomba lililolala kimya chini ya maua yako limebeba nguvu ambayo macho hayaioni. Ukilijengea juu, uzito wa ukuta unalikandamiza, na ardhi inapotitia kidogo baada ya masika viungo vyake vinaachia. Likianza kuvuja chini ya sakafu, maji hayajitokezi upesi. Yanakula udongo wa msingi polepole, usiku na mchana. Na siku msukumo unapopungua, ule ufa uliokuwa ukitoa maji unaweza kuvuta ndani kilichoko nje yake. Kama karibu kuna shimo la choo, anayekunywa bondeni anakunywa na uchafu ambao hajui umetoka wapi.

Ndiyo maana unakatazwa kujenga nyumba, jiko, choo au ukuta juu ya bomba kuu, na ndiyo maana unaombwa usipande mikaratusi wala miparachichi juu yake, kwani mizizi inafuata unyevu na haibishi hodi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua kwamba njia ya huduma ya umma yaweza kupita katika ardhi ya mtu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji ya vijijini, inataka miundombinu ya maji ilindwe. Upana wa ukanda wa kuachwa wazi unategemea ukubwa wa bomba na mahali lilipo. Ofisi ya maji iliyo karibu nawe itakuonyesha kwa kupima, ukiuliza kabla ya kufunga kamba za msingi. Fundi lazima apate pa kusimama na kuchimba siku bomba litakapougua.

Lakini mzee hakuwa akiniuliza habari za sheria. Alikuwa akiuliza kama kuna maana yoyote katika kumiliki kitu ambacho huruhusiwi kukitumia upendavyo. Nami nimekuwa nikilitafakari jibu tangu siku ile.

Nililiona kwanza kwenye mashamba. Ukisimama juu ya kilima chochote cha huku unaona ngolo zimepangika mlimani kama sega la nyuki. Kwa mila, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, na wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, mpaka shamba zima linakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inaponyesha, kila shimo linashika maji yake, linayatuliza, na udongo haushuki. Mwenye shamba la juu akichimba ngolo zake vizuri, anamlinda na mwenye shamba la chini. Akizembea, maporomoko yanaanzia kwake na kuishia kwa jirani. Wazee wetu waliishi kwenye miteremko mikali, wakajifunza kwamba mlimani hakuna shamba la peke yake. Hilo walilijua kabla hatujaletewa bomba hata moja.

Nililiona pia katika kumbukumbu ya waliolaza mabomba. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere iliweka lengo la kuwapatia watu wa vijijini maji safi ndani ya miaka 20, mahali ambapo mtu hatatembea zaidi ya mita 400. Ni lengo ambalo taifa bado linalikimbilia. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya ilipata mpango mkuu wa maji, na miradi mingi ya mserereko ikajengwa. Mitaro haikuchimbwa na Wadenishi. Ilichimbwa na wanavijiji kwa majembe yao, kila kaya ikipewa kipande chake, hatua kwa hatua kutoka chanzo hadi kijijini. Bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo aliniambia kwamba alichimba mtaro akiwa na mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama bomba lile lilipita kwake. "Hapana, Baba," akasema. "Lilipita kwa wengine. Lakini maji yalifika."

Mpendwa, jaribu kulisikia neno hilo. Alichimba mahali ambapo si kwake, ili maji yapite kwa mwingine, yafike kwa mwingine tena. Ni nani aliyechimba kwa ajili yako? Imani uliyonayo ilipita katika nyumba ya nani kabla ya kukufikia? Kuna mama aliyekufundisha Baba Yetu, katekista aliyetembea kwa miguu, mwalimu aliyekulipia daftari. Walikuwa na mambo yao ya kujenga. Wakaacha nafasi, nawe ukapata maji.

Sasa turudi uani kwa mzee.

Siku ileile sakafu ya jiko ilivunjwa. Vijana walitoa saruji vipande vipande, na chini yake udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama uji. Fundi aliingiza mkono chini ya msingi, ukaingia wote mpaka kwenye kiwiko bila kugusa kitu. Maji yalikuwa yamechimba pango. Alinyanyua macho akamtazama mzee, kisha akawatazama wajukuu watatu waliokuwa wamekaa kwenye rundo la matofali, ambao kila jioni huota moto wakiegemea ukuta ule. Hakusema neno. Mzee naye alikuwa ameshaelewa. Ukanda ule aliodhani umewekwa kwa faida ya wengine ulikuwa ukiwalinda na wajukuu zake.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anawaagiza watu wake kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka. Dari za wakati ule zilikuwa bapa na watu walipanda kupumzika juu yake. Amri hiyo imewekwa pale, katikati ya maagizo ya kumrudishia ndugu ng'ombe wake aliyepotea na kumsaidia kumwinua punda aliyeanguka njiani. Kwa Mungu, kanuni ya ujenzi na upendo kwa jirani vimekaa ukurasa mmoja. Tunapoambiwa, "Hapa usijenge," huenda tunaambiwa kwa lugha nyingine, "Mpende jirani yako, hata yule ambaye hujamwona."

Ilipofika saa nane mchana yule mama mjane alipanda kutoka chini, amebeba sufuria ya maharage na ugali uliofunikwa kwa sahani. Watu wakapisha. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Jiko lenu limevunjwa. Nikaona watoto hawatakula."

Mzee aliipokea sufuria kwa mikono miwili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Maji ya kupikia umeyatoa wapi?"

"Bondeni, baba."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, sufuria ikimchoma viganja, asiiweke chini. Hatimaye akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilijua pana bomba." Na yule mama akamjibu, "Nami, baba, juzi kule bondeni nilisema maneno mabaya juu yako mbele za watu. Unisamehe na mimi."

Wakala pamoja, hapo hapo uani, pamoja na fundi na vijana waliochimba, na mimi nikanawa mikono nikakaa nao. Nilikumbuka sengu ya Wamatengo wa zamani, ukoo ulipokusanyika kwa babu na kula pamoja, na katika kula huko watoto wakafundwa, magomvi yakaamuliwa, mwenye njaa akashiba. Walijua kwamba ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye mmetia mikono katika bakuli moja naye.

Nimejiuliza mara nyingi mama yule alipata wapi nguvu ya kupanda mlima na sufuria ile. Hakungoja aombwe msamaha kwanza. Hakupima kama mzee amejuta vya kutosha. Aliyachukua maji aliyoyahangaikia yeye, maji yaliyokosekana kwake kwa kosa la mwingine, akampikia aliyekosa. Naamini ndani yake kulikuwa na ukanda ambao hakuwahi kuujengea. Uchungu ulikuwepo, maneno makali yalikuwepo, lakini hakuwa ameyamwagia zege. Palibaki mahali ambapo neema ingeweza kupita.

Na wewe, mpendwa? Maumivu yanapotupata hutamani kujenga juu yake haraka. Tunajenga ukuta wa kutosalimiana. Tunajenga simulizi yetu ya yaliyotokea, tunaipiga lipu, tunaipaka rangi, tunaizoea. Miaka inapita na nyumba inaonekana nzuri. Kumbe chini kuna kinachovuja. Je, kuna mahali ndani yako ambapo Mungu angependa kufikia ili atengeneze, lakini hana pa kuchimba kwa sababu umeshajenga? Sikuulizi ili uone aibu. Nakuuliza kama fundi yule alivyouliza ardhi, kwa kusikiliza. Labda juma hili unahitaji dakika chache za ukimya, kila mashine imesimamishwa, uweke sikio karibu na moyo wako na kusikia maji yanavujia wapi.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia habari za Isaka alipokuwa bonde la Gerari. Visima alivyochimba baba yake, Abrahamu, vilikuwa vimefukiwa udongo na Wafilisti. Isaka akavifukua, akaviita majina yaleyale ya baba yake. Watumishi wake wakachimba kisima kingine, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, yaani uadui. Isaka akaondoka, akachimba cha tatu, nacho hawakukigombania. Akakiita Rehobothi. Maana yake ni nafasi.

Angalia alivyofika kwenye nafasi. Alipitia ugomvi na uadui bila kuweka makazi ndani yake. Kila mara aliacha kitu nyuma, akasogea, akachimba tena. Na alipopata nafasi alitambua kwamba ametengewa na Mungu, wala siyo yeye pekee: ilikuwa nafasi ya wote kuongezeka katika nchi. Ndipo nilipopata jibu la swali la mzee. Kipande kile ni chako kweli. Umepewa ukitunze kikiwa wazi, kama mtu anavyotunza mlango. Baraka ya Mungu inapita uani kwako ikielekea kwa mtu wa chini, na ukanda usiojengwa ni sehemu ya kiwanja chako ambayo umeitoa kuwa sadaka. Wewe nawe unakunywa maji yaliyopita katika sadaka ya mtu wa juu yako.

Nawakumbuka pia ninyi mlioko chini kabisa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambako milima inaishia na Ziwa Nyasa linaanzia. Nanyi mna ukanda wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila shughuli zinazoweza kuuharibu. Najua ni vigumu, kwa maana mvuvi anataka kulala karibu na mtumbwi wake, na usipa unataka kuanikwa pale pale unaposhushwa. Lakini ziwa hupanda na kushuka kwa majira yake, na mito mingi ya huku juu inaleta kwenu tulichokiacha sisi. Uchafu wa mlimani unafika kwenye nyavu zenu. Tukitunza ukanda wetu, tunawapenda ninyi. Mkitunza wenu, mnawapenda ambao watatega nyavu zao baada yenu.

Basi juma hili nakuomba mambo mawili madogo. La kwanza, tembea kwenye kiwanja chako, na kama kuna kigingi cha maji kilichofunikwa na nyasi, kisafishe kionekane. Usipojua bomba linapita wapi, uliza ofisi ya maji au chombo cha jamii kinachotoa huduma ya maji kijijini kwako. Juu ya ukanda huo panda mchicha, panda maua. Vitu vya mizizi mifupi havimdhuru mtu. Kama tayari umejenga juu yake, usijifiche. Nenda ukaseme mapema, kwa kuwa jambo likisemwa mapema hutengenezwa kwa gharama ndogo. La pili, tafuta mtu mmoja ambaye salamu yenu imekatika, umpelekee kitu. Si lazima kiwe kikubwa. Hata sahani ya maharage inatosha kufungua njia. Na kesho yake umsalimie tena, na kesho kutwa tena, kwa sababu uaminifu hukua kwa kurudiarudia, kama mtaro unavyochimbwa jembe baada ya jembe.

Jioni ile fundi aliunganisha bomba jipya kupita kando ya jiko. Kabla hawajafukia mtaro, mzee alikwenda mlangoni, akakibeba kile kigingi kilicholika, akakisimika kwa mikono yake mahali bomba lilipohamia. Panga lake alisema atalinolea jiwe la mtoni. Kisha valvu ya juu ikafunguliwa, nasi tukateremka wote hadi kwa mama mjane kusubiri.

Bomba lake lilianza kwa kupuliza hewa. Likakohoa, likatema, likanyamaza. Halafu maji yakaja, mekundu, mazito kwa tope la siku nane. Mjukuu mmoja wa mzee alikimbilia koki ili aifunge, akidhani yameharibika. Fundi akamshika bega.

"Acha yatiririke, babu," akamwambia. "Yanajisafisha."

Tukasimama pale gizani tukiyasikiliza. Mzee na yule mama walikuwa bado wanasemeshana kwa tahadhari, maneno machache machache, mengine yakiwa na tope ndani yake. Hakuna aliyefunga koki. Yakaendelea kutiririka, yakapungua wekundu, na mama akakinga ndoo ya kwanza.

Bwana akujalie juma jema.